Vitabu sita, siku saba na dirisha la kaskazini

Swali: Shikamoo. Mimi ni karani katika afisi ya kutoa mizigo bandarini, naishi Kisauni, Mombasa, ghorofa ya tatu. Nimepata likizo ya siku saba kuanzia Krismasi, na nimeamua sisafiri wala sipiki makubwa. Nataka kulala, kusoma, kisha nilale tena. Nimenunua vitabu sita vipya: riwaya tatu (kurasa 220, 260 na 310), kitabu cha historia cha kurasa 480, hadithi fupi za kurasa 180 na diwani ya ushairi ya kurasa 120. Mwaka jana nilipanga hivi hivi nikaishia nusu ya kitabu kimoja, maana nikijilaza kitandani baada ya chakula cha mchana, joto na usingizi vinanishinda. Na vile vitabu vya mwaka jana, majalada yamebinuka na viwili vimeota madoa na kunuka uvundo. Chumba changu cha kulala kinaangalia kusini, sebule ina roshani inayoangalia kaskazini. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Anzia kwenye hesabu, kisha uhame chumba.

Vitabu vyako sita ni kurasa 1,570. Mtu anayesoma riwaya kwa raha zake, bila kukimbizwa na mtu, humaliza kurasa 20 hadi 30 kwa saa. Tuseme 25. Hapo umejipangia takriban saa 63 za kusoma, ambazo zikigawanywa kwa siku saba ni saa 9 kila siku. Hiyo ni zamu ya bandarini, tena bila chai ya saa nne. Ndiyo maana mwaka jana ulipofika siku ya tatu ukaanza kuhisi una deni, na mtu mwenye deni hakai akastarehe.

Upime mwendo wako mwenyewe kabla ya likizo. Chukua kile kitabu ulichoacha nusu, soma dakika 15 kama unavyosoma siku zote, hesabu kurasa, zidisha kwa 4. Usipimie mwanzo wa riwaya mpya, kwa sababu kurasa za mwanzo ni nzito kwa kila msomaji: majina ni mageni, hujui nani ni mume wa nani, na macho hurudi nyuma kila mara. Ukishapata kiwango chako, chukua saa 4 kwa siku, usizidishe. Kwa kurasa 25 kwa saa, siku saba zitakupa 700. Toa 100 za wageni watakaobisha hodi bila taarifa, kwa sababu ni Disemba na uko Kisauni. Zinabaki 600.

Ndani ya 600 hizo ningekuwekea riwaya mbili, ya 220 na ya 260, na hadithi fupi tano au sita kutoka kile cha kurasa 180. Anza na ile ya 220. Kitabu chembamba kikiisha siku ya pili, kile kinachofuata kinashikika chenyewe. Riwaya ya 310 iwe akiba: ikiwa mojawapo ya hizo mbili imekufikisha ukurasa wa 40 na bado unausoma kama risiti, iweke kando bila kuomba msamaha na uchukue ile. Diwani haihesabiwi kwa kurasa, nitaifikia. Kitabu cha historia kiache kwenye mfuko wake. Kitabu cha kurasa 480 chenye ramani na tanbihi kinataka meza, penseli na mgongo ulionyooka, na wewe umesema unataka kulala.

Sasa chumba, na hapa ndipo ulipokosea zaidi. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta, na mwishoni mwa Disemba jua la adhuhuri haliko utosini. Limeinama upande wa kusini kiasi cha nyuzi 19. Dirisha na ukuta wa chumba chako vinaonwa na jua kutwa, na ukuta ule ukishapata moto unautoa ndani taratibu hadi usiku wa manane. Wakati huohuo ni msimu wa kaskazi, upepo unatoka kaskazini mashariki, kwa hivyo unaingia sebuleni na chumbani haufiki. Umelala upande wa jua ukaacha upande wa upepo. (Ungechukua likizo mwezi wa saba mambo yangekuwa kinyume: jua linapita kaskazini, upepo ni wa kusi, na chumba hichohicho kingekuwa bora kuliko sebule.)

Kwa hiyo hamia sebuleni kwa wiki nzima, pamoja na mto na shuka. Tandika mkeka karibu na mlango wa roshani, hatua mbili hivi ndani ili mwanga ukufikie bila jua kukugusa. Kaa ubavu wako wa kushoto ukielekea mlango, mwanga uje juu ya bega la kushoto kama unaandika kwa mkono wa kulia, ama nyuma yako. Mwanga ukitoka mbele utasoma huku umekunja uso na usijue kwa nini kichwa kinauma. Fungua mlango wa roshani na dirisha lolote la upande wa pili, hata la jikoni, kwa sababu upepo hauingii nyumba isiyo na pa kutokea. Dirisha la kusini la chumbani lifunge na pazia ulishushe kuanzia saa tatu asubuhi.

Kuhusu namna ya kukaa. Kulala chali ukainua kitabu juu ya uso ni raha ya dakika kumi, baadaye mabega yanalalamika. Kulala kifudifudi kunakaza shingo. Kinachodumu ni hiki: egemea ukuta, takia moja gumu nyuma ya kiuno (chini kuliko unavyodhani, mahali mkanda unapokaa), magoti yamekunjwa, na takia jingine juu ya mapaja la kubeba kitabu. Kitabu kiwe umbali wa sentimita 35 hadi 40 kutoka machoni na kiinamie kwako kidogo. Tandaza leso juu ya hilo takia la pili. Leso inanyonya jasho la viganja kabla halijafika kwenye jalada, na ukichoka ndiyo hiyo hiyo ya kujifunika. Feni isikupige usoni. Mtu akisoma hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, na upepo wa moja kwa moja unayakausha hadi yanawasha. Ielekeze miguuni au ukutani irudi. Kila baada ya dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho mbali zaidi ya mita 6. Una roshani, mnazi wa jirani unatosha.

Saa zenyewe zinajipanga zikifuata jua. Mwishoni mwa Disemba linachomoza hapa kama saa kumi na mbili na robo asubuhi na kuzama saa kumi na mbili na nusu jioni. Kipande bora cha siku ni kuanzia alfajiri mpaka saa tatu: kumepoa, mtaa umetulia, kichwa hakijaingia kelele. Weka saa moja na nusu hapo, hata kama ni kwa kuamka, kusoma na kulala tena, hakuna anayekuhesabia. Saa nyingine moja iwe kati ya saa nne na saa sita. Halafu acha. Kutoka adhuhuri hadi alasiri joto linafika nyuzi 32, umekula wali wa nazi, na mwili unataka kujinyoosha. Kung'ang'ania riwaya saa hiyo ndiko kulikokushinda mwaka jana. Lala, lakini weka kengele ya dakika 30. Ukipitisha saa nzima utaamka mzito kuliko ulivyolala na jioni yote itapotea. Baada ya alasiri hamia roshani kwenyewe, saa moja na nusu mpaka magharibi, na hapo zimetimia saa 4.

Usiku ni wa diwani, na ushairi wetu usome kwa sauti. Shairi la kawaida lina mishororo minne katika ubeti, kila mshororo mizani (yaani silabi) 16, nane na nane, na katikati pana pumziko ambalo jicho hulipita lakini ulimi haulipiti. Ukilisoma kimya kama gazeti utaona maneno yamepangwa kwa ajabu tu. Ukilitamka, pumziko la mizani ya nane linakuonyesha kwa nini neno limekatwa au limesogezwa. Mashairi matatu kwa usiku mmoja yanatosha, moja ulirudie. Kama diwani ina utenzi, huo wenye vipande vinne vya mizani nane nane, usome mfululizo kwa mwendo wa kutembea, beti 30 au 40, usisimame kutafuta maana ya kila neno. Kina cha mwisho, ile silabi inayojirudia kila ubeti unapoishia, ndicho kitakachokushika mkono. Mpe hata mtoto wa jirani asikilize.

Taa ya usiku: balbu ya LED ya wati 9, na kwenye boksi tafuta namba 2700 au 3000 mbele ya herufi K. Hizo ni za mwanga wa manjano. Zilizoandikwa 6500 ni nyeupe kama za wodini, zinachosha macho usiku na kuchelewesha usingizi. Stima ikipotea tumia taa ndogo ya sola iliyochajiwa roshani mchana. Mshumaa karibu na neti na karatasi sitaki hata kuujadili. Na tokeni za stima nunua za wiki nzima siku moja kabla.

Jioni hiyo ya kabla ya likizo ndiyo siku yako ya kazi. Toa vitabu vyote kwenye mfuko ukiwa bado na risiti, uvikague kimoja kimoja. Kurasa za kitabu hazichapwi mojamoja. Huchapwa kwenye karatasi kubwa ambayo hukunjwa ikawa fungu la kurasa 16 au 32, kisha mafungu hupangwa. Kwa hivyo kitabu kibovu mara nyingi hukosa kurasa 16 kwa pamoja, au kurudia zile zile, au fungu zima limeingia kichwa chini. Pitisha kidole kwenye namba za kurasa haraka, dakika mbili kwa kila kitabu. Ni afadhali ujue leo, duka likiwa wazi, kuliko ujue usiku wa Krismasi kwamba ukurasa wa 128 unafuatwa na wa 145.

Tazama pia kichwa cha mgongo wa kitabu. Ukiona vijifungu vilivyokunjwa, kama madaftari madogo yamesimamishwa pamoja, kitabu kimeshonwa kwa uzi na kitavumilia. Ukiona karatasi zimekatwa sawasawa na kuzamishwa kwenye ukanda wa gundi, kimegundishwa tu, na vingi vya bei ya kawaida viko hivyo. Gundi hiyo huyeyushwa kwa moto kiwandani, na joto kali huilegeza tena. Usikiache kwenye gari lililoegeshwa juani wala kwenye ukingo wa roshani saa saba mchana. Ikishapoa baadaye inabaki na nyufa, kisha karatasi zinaanza kudondoka kama majani ya mkungu.

Kitabu kipya cha namna hii hakifunguliwi katikati na kukandamizwa kwa kiganja. Ule mlio wa "kra" ni gundi inayovunjika. Kisimamishe mgongo chini juu ya meza, kurasa zote umezishika wima kwa mkono mmoja. Lilaze jalada la mbele mpaka liguse meza, kisha la nyuma. Sasa chukua karatasi kama kumi za mbele, zilaze juu ya jalada, na upitishe kidole gumba taratibu kutoka juu kwenda chini pale zinapoingia kwenye mgongo. Rudi nyuma, chukua kumi za mwisho, fanya vivyo hivyo. Mbele kumi, nyuma kumi, mpaka zikutane katikati. Kitabu cha kurasa 260 kina karatasi 130, kwa hiyo ni zamu 13, kama dakika nne. Baada ya hapo kitakaa wazi chenyewe juu ya takia bila kushikwa, na hilo peke yake litakuongezea raha kuliko mto mpya.

Karatasi ikichomoka licha ya yote hayo, usiipige selotepu. Inageuka manjano, inanata vumbi, na ikitolewa inaondoka na maandishi. Paka gundi nyeupe ya mbao kwa kijiti cha meno, uzi mwembamba tu kwenye ukingo wa ndani, irudishe mahali pake ikilingana na wenzake juu na chini, weka kipande cha nailoni kila upande ili isishike jirani, funga kitabu, kiwekee uzito usiku kucha.

Chakula nakugusia kwa sababu ya vidole. Viazi karai, bhajia na krispi za mihogo zile kabla au baada, zisiwe pamoja na kitabu. Adui mkubwa zaidi ni mabuyu: ile rangi nyekundu inakaa kwenye ncha za vidole na kuhamia pembeni mwa ukurasa, na haitoki kamwe. Kama huwezi wiki bila mabuyu, yatie kwenye kikombe uyachome kwa kijiti cha meno. Korosho na njugu zilizokaangwa bila mafuta hazina ubaya. Kahawa chungu iweke kwenye chupa ya chai, mbali na mkeka, vikombe vidogo. Dafu baridi linatoa jasho nje, liwekee kisahani. Tone la mafuta likidondoka, usisugue. Nyunyiza poda ya mtoto pande zote mbili za karatasi, weka tishu, funga, uzito juu, asubuhi pangusa kwa brashi laini. Alama itapungua, pengine kivuli kibaki.

Simu iende jikoni, kwenye droo. Acha mlio kwa namba tatu au nne za nyumbani, kundi la ukoo la WhatsApp linyamazishwe siku saba, na uwaambie mapema ili wasije kukutafuta mlangoni. Mgeni akija, mkaribishe vizuri na kahawa. Ndiyo kazi ya zile kurasa 100 tulizotoa. Hadithi fupi ziweke karibu na mlango, ndizo za kushika mgeni akiwa msalani au akiongea na simu.

Tuje kwenye vitabu vya mwaka jana, ambavyo vinakuambia yatakayowapata hivi vipya. Karatasi imetengenezwa kwa nyuzi za mti na nyuzi hizo zinakunywa unyevu wa hewani, zinavimba, hewa ikikauka zinasinyaa. Jalada la kitabu cha kawaida limepakwa utando wa plastiki upande wa nje tu. Unyevu ukija, upande wa ndani unavimba na wa nje haukubali, basi jalada linabinuka kwenda nje kama kigae. Kitabu hakijaharibika na usilikunje kinyume kulinyoosha, utalitia mkunjo wa kudumu. Kilaze, weka kitabu kizito juu yake kwenye chumba chenye upepo siku mbili tatu, litarudi sehemu kubwa. Na wiki hii, kila usiku unapoacha kusoma, kifunge kitabu ukiweke chini ya kile cha historia. Naam, hiyo ndiyo kazi ya historia mwaka huu. Kukiacha wazi kifudifudi juu ya mkeka usiku kucha kunamaliza mgongo na kukaribisha unyevu kwa pamoja. Kipande cha karatasi kinatosha kuwa alamisho.

Madoa na harufu ni jambo jingine. Ukungu huota hewa ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 65 au 70 na isipotembea. Huku pwani asilimia hiyo tunaipita karibu mwaka mzima, kwa hivyo hewa huwezi kuikausha. Unachoweza ni kuitembeza. Watu wengi wanafunga vitabu kwenye kabati lenye milango au kuvivisha nailoni vikiwa na unyevu ndani, na kwa kufanya hivyo wanavifungia na adui.

Viwili vilivyoota vitenge leo, kila kimoja kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Gusa doa kwa ncha ya brashi. Likipakaa kama masizi yenye maji, ukungu bado uko hai: visimamishe wima roshani kivulini, kurasa zimepanuliwa kama kipepeo, saa mbili kila alasiri ya upepo mkavu, mpaka doa lipukutike kama unga. Hapo funga barakoa, kaa upepo ukiwa mgongoni kwako, piga brashi laini kuelekea nje, upande mmoja tu, usirudishe. Kitambaa chenye maji kinausukuma ndani ya karatasi. Jiki itakula karatasi yenyewe. Jalada lenye utando wa plastiki ndilo pekee unaloweza kulipangusa, kwa kitambaa kilichoguswa spiriti. Madoa ya kahawia yatabaki, harufu itapungua kwa wiki kadhaa za upepo. Usivianike juani: jua linaua ukungu wa juu, lakini linageuza karatasi manjano na kuvunja gundi, na hapo umetibu kidole ukakata mkono.

Ukiona vijidudu vyeupe kama vumbi linalotembea, au yule wa rangi ya fedha mwenye mikia mitatu ya nyuzi, anayekimbia ukifungua kabati, wanakula gundi na ukungu. Tia kitabu kikavu kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga kabisa, weka kwenye friza siku saba. Kikitoka usifungue mfuko mpaka saa 24 zipite, kwa sababu kitu baridi kinatoa jasho hewani kwetu na jasho hilo litaingia kwenye karatasi. Mchele usiweke; haukaushi cha maana na unaita wadudu wengine. Majani makavu ya mwarobaini yanafukuza baadhi yao lakini ukungu hayauoni, na yakitiwa yawe kwenye kifuko cha kitambaa, yasiguse kurasa.

Siku ukiamua kubeba kitabu ufukweni Nyali, ubebe kile usichokijali sana. Kikilowa maji ya bahari, chumvi ikibaki ndani itaendelea kunyonya unyevu miaka yote. Kishike kikiwa kimefungwa, kisuuze upesi kwa maji safi, kikamue kwa kukibonyeza baina ya taulo, kisha weka tishu kila baada ya karatasi kumi na ukisimamishe mbele ya feni. Badilisha tishu kila saa kwa saa chache za kwanza. Kama karatasi ni za kung'aa, zenye picha, tishu iwe kila ukurasa kabla hazijakauka, la sivyo zinagandana na hakuna wa kuzitenganisha.

Wiki ikiisha, vilivyosomwa na visivyosomwa visimame kwenye rafu isiyo na milango, kwenye ukuta wa ndani wa nyumba, usiwe ule unaopigwa na mvua. Acha sentimita 5 kati ya vitabu na ukuta, na visibanwe: kidole kiingie baina yao bila kulazimisha. Rafu yenyewe ipanguse kwanza kwa spiriti kama ndiyo ile ya mwaka jana. Masika yakiingia mwezi wa nne, weka siku moja kila wiki mbili ya kuvitoa, kupepeta kurasa kwa kidole gumba kutoka jalada hadi jalada, na kunusa. Pua itajua kabla ya jicho.